Mnara wa Njiwa wa Leodegar

Kwa miaka thelathini na nane Leodegar alichora nyumba za watu, na kwa miaka thelathini na nane hakuna hata moja iliyojengwa kama alivyoichora. Alikuwa akichora baraza pana la kupunga upepo. Mwenye nyumba aliipokea ramani kwa mikono miwili, akaisifu, kisha akaenda zake Manzese kuligeuza lile baraza kuwa fremu mbili za duka, moja ya vipodozi na moja ya kutolea pesa za simu. Akichora dirisha, fundi aliliziba. Akichora choo nyuma, kilitokea mbele. Na Leodegar alikuwa na tabia mbaya ya kwenda kukagua, Jumapili baada ya misa, akarudi nyumbani kwake Temeke na hasira hata chai ikawa haipiti kooni.

Kwa hiyo alipostaafu alitamka mbele ya mkewe, Demetria, kwamba kabla hajafa atajenga kitu kimoja, kimoja tu, kitakachofanana na mchoro wake kuanzia msingi mpaka ncha ya paa.

"Jenga jiko," alisema Demetria. Jiko lake lilikuwa la mabati nyuma ya nyumba, na lilivuja mahali ambapo sufuria hukaa.

"Jiko utalibadilisha. Nakujua."

"Nitalibadilisha ndiyo. Si nitapika mie?"

"Unaona sasa?"

Leodegar alitaka kuwajengea njiwa. Njiwa, alieleza, hawana maoni. Njiwa hamvuti fundi pembeni akamwambia asogeze ukuta kidogo kwa ajili ya shemeji yake anayekuja kutoka bara.

Wazo lenyewe halikuwa la jana. Katika ofisi ya serikali alikofanya kazi, ukutani ilining'inia kalenda iliyoachwa na mhandisi mmoja Mfaransa aliyekuja kupima barabara, kila mwezi na jengo lake la huko kwao. Mwezi wa Agosti ilitokea picha ya mnara wa njiwa, na tangu hapo Leodegar hakumruhusu mtu afunue ukurasa. Ofisi ile ilikaa mwezi wa Agosti kwa miaka ishirini na tatu. Wananchi walikosea tarehe kwenye fomu zao, wakarudishwa, wakalalamika, yeye hakujali.

Ulikuwa mnara wa mviringo, wa mawe, umesimama peke yake uwanjani, na kofia ya vigae kichwani. Juu ya kofia kulikuwa na kibanda kidogo chenye matundu ambamo njiwa waliingilia. Alipopata simu ya kupapasa, kitu cha kwanza alichotafuta hakikuwa marafiki aliosoma nao Bukoba, bali minara hiyo, na alisoma mpaka macho yakamwasha. Alijua kwamba kuta zake zilikuwa na unene sawa na urefu wa mkono mzima wa mtu mzima. Alijua kwamba nje, katikati ya ukuta, ulipita mkanda wa mawe yaliyochomoza, ukazunguka mnara wote, ili panya anayepanda akifika pale akutane na dari juu ya kichwa chake ageuze. Ndani, chini mpaka juu, ukuta ulijaa matundu ya viota, mamia kwa mamia. Kwenye minara ya wakubwa hata elfu mbili. Na katikati ilisimama nguzo inayozunguka, imebeba ngazi, hivi kwamba mtumishi aliyepanda alijisukuma kwa mkono tu akauzunguka ukuta mzima akikusanya makinda bila kushuka.

"Bila kushuka!" alimwambia Demetria, na hiyo ilikuwa mara ya nne wiki ile.

"Nimesikia, Baba Ansbert."

"Na samadi yake ilikuwa mali. Sehemu nyingine iliandikwa kabisa kwenye vitu anavyokwenda navyo bibi harusi kwa mumewe."

Demetria akaweka mwiko chini. "Mwanamke anaingia kwa mumewe na mavi?"

"Ya njiwa."

"Nimesikia ni ya njiwa."

Kibali alikipata. Kwenye ofisi ya vibali walitafuta kwenye orodha yao mnara wa njiwa wa Kifaransa, hawakuuona, wakaandika "banda la ndege". Sehemu ya kiinua mgongo ikaenda kwenye saruji, na kazi ikaanza uani, chini ya fundi Brightson, kijana mwenye mikono mizuri na ugonjwa uleule wa mafundi wote wa mji huu.

"Injinia," alisema Brightson siku ya pili, maana mtaa mzima ulimwita Injinia ingawa hakuwa, "hapa chini si tuweke kafremu? Mnara wote unakaa bure."

Leodegar alimtazama kwa namna ambayo Brightson hakurudia tena.

Mawe hayakupatikana, ikawa matofali ya saruji, safu mbili ili kupata unene. Viota vikawa vyungu, kwani alikuwa amesoma kwamba kuna sehemu za Ufaransa walilaza vyungu ndani ya ukuta, midomo ikitazama ndani. Akaagiza vyungu mia moja arobaini na vinne. Mama aliyemuuzia pale Tandika alimuuliza kwa upole yeye ni mganga wa wapi. Nguzo ikawa bomba la chuma lililokaa juu ya beringi ya lori bovu, na ilizunguka kwa kidole kimoja. Kila jioni Leodegar alitoka na futi kamba akapima kazi ya siku. Upande wa mashariki mkanda wa panya ulizidi nusu sentimita. Brightson akaubomoa huku akinung'unika, akaujenga upya.

Miezi mitano baadaye Leodegar alisimama uani na karatasi mkononi, akatazama mnara, akatazama karatasi, akatazama mnara. Vilikuwa kitu kimoja. Alifurahi mpaka akalia, mtu mzima, mbele ya fundi, na hakuona haya hata kidogo.

Siku ya tatu akaja dalali. Huyu aliitwa Gibson na alikuwa na pua ya kunusa chumba kitupu kutoka Sinza. Alikuja na kijana na mchumba wake, akawasimamisha mlangoni pa mnara.

"Shikamoo mzee. Msijali, mzee ni mtu poa," aliwaambia wateja wake. "Hii ni singo, inajitegemea, iko mbali na kelele za mwenye nyumba. Hewa kibao. Juu kuna roshani."

"Choo kiko wapi?" aliuliza yule binti, akichungulia.

"Choo ni ishu ndogo, sista, tutaongea."

"Hili ni banda la njiwa," alisema Leodegar.

Gibson akatazama juu, akatazama chini, akamwangalia Leodegar kwa jicho la huruma. "Mzee, kwa heshima zote. Njiwa analipaga kodi?"

Njiwa wenyewe Leodegar aliwanunua kwa Mzee Aidarus, mwenye duka la nafaka nyumba ya tatu kutoka kwake. Aidarus alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mtu wa maneno machache na ndevu nyeupe, na ukuta wake wa nyuma ulijaa madebe ya mafuta yaliyotobolewa, yaliyopigiliwa misumari na baba yake zamani, kila debe na jozi yake ya njiwa. Ndugu zake walifuga pesa; yeye alifuga njiwa.

"Unataka wakubwa au makinda?" aliuliza Aidarus.

"Wakubwa. Jozi kumi na mbili. Nataka mnara ujae mara moja."

Aidarus alifungua mdomo kusema jambo, lakini Leodegar alikuwa ameshaanza kumweleza kuhusu ngazi inayozunguka, na Mzee Aidarus hakuwa mtu wa kumkata mwenzake maneno. Akawatia njiwa kwenye tenga.

Leodegar aliwaachia ndani ya mnara, akakaa kwenye kigoda kuwangoja wachague vyungu. Njiwa wakatazama vyungu. Wakatoka juu kibandani mmoja baada ya mwingine, wakapiga duara moja la heshima, wakashuka nyumba ya tatu, kwenye madebe yao. Akaenda na tenga, akawachukua. Wakatoka. Akaenda tena. Mara ya tatu njiwa walifika kwa Aidarus kabla yake, wakamtazama akiingia getini.

"Hawa hawajapotea, jirani," alisema Aidarus, taratibu. "Wamerudi kwao. Njiwa mkubwa umfungie wiki nyingi, mpaka azae kwako. Nilitaka kukuambia siku ile, ukawa kwenye ngazi."

"Ningefungia wapi? Juu pale kwenye mchoro hakuna mlango."

"Weka wavu."

"Wavu haumo kwenye mchoro."

Aidarus akacheka ndani ya ndevu, akamkaribisha kahawa.

Mnara ukakaa mtupu, mzuri, na wa bure. Mvua za masika zikaanza, jiko la mabati likavuja kwa bidii, kamba ya nguo ikawa haifai kitu. Asubuhi moja Leodegar aliingia mnarani akakuta ngazi yake ya Kifaransa imebeba mashuka, kanga, na kaptula zake mbili za ndani. Demetria alikuwa amesimama chini akiizungusha polepole ili vitu vyote vipate hewa.

"Bila kushuka," alisema Demetria.

Na siku hiyohiyo, ndiyo bahati yake ilivyokuwa, akaja afisa wa ujenzi na faili kwapani. Aliikagua karatasi ya kibali. Imeandikwa banda la ndege. Akaomba kuonyeshwa ndege. Leodegar akamfungulia mlango, akatamani ardhi impasukie. Afisa alizitazama zile kaptula kwa muda mrefu. Akaisukuma ngazi kwa kidole, ikazunguka. Akaisukuma tena, na kwa kweli ilimfurahisha. Kisha akatoka nje.

"Mzee, hili si banda la ndege. Huu ni mnara, na mnara una kibali chake. Nakupa siku thelathini. Nikirudi nisipokuta ndege wanaoishi humu, wanaoishi, siyo wa kuazima, unavunjwa."

Akamwita msaidizi mwenye kopo la rangi, na kwenye ukuta ule wa mviringo, uliopakwa chokaa nyeupe kama kwenye kalenda, akachora ile X kubwa nyekundu ambayo kila mtu wa Dar anaijua na hakuna anayependa kuiona.

"Hujaiweka katikati," alisema Leodegar. "Kama ni kuweka, ungepima."

Usingizi ulimpotea. Alikuwa na mnara mmoja duniani, na alimwambia Demetria wazi kwamba ukivunjwa hatakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi. Demetria, ambaye alikuwa na maneno yake tayari kuhusu jiko, aliyameza.

Jumamosi Leodegar akaenda kwenye mkutano wa mtaa kuomba barua ya kumtetea. Mwenyekiti, Talha, bwana mnene mwenye subira, akampa nafasi ya kueleza huu mnara ni kitu gani. Hapo ndipo Leodegar alipojiangamiza. Angesema ni urembo. Angesema ni utalii. Lakini alikuwa amengoja miaka ishirini na tatu mtu amuulize, akasimulia yote.

"Huko Ufaransa ya zamani," alianza, kifua mbele, "sehemu nyingi mnara kama huu hakuujenga mtu yeyote tu. Ilikuwa haki ya bwana mwenye ardhi. Wingi wa matundu ulifuata wingi wa mashamba yake. Ukiona mnara mkubwa unajua hapa kuna mkubwa."

"Na njiwa wake walikula nini?" aliuliza mama mmoja wa vitumbua aliyekaa mbele.

"Walijitafutia. Mashambani."

"Mashamba ya nani?"

Leodegar, mkweli kupita kiasi, akasema, "Ya wakulima. Walikula hata mbegu zilizotoka kupandwa. Na mkulima hakuruhusiwa kumgusa njiwa wa bwana."

Mama wa vitumbua akawageukia wenzake.

"Kwa hiyo Injinia," alisema Brightson kutoka nyuma, yeye aliyeujenga, "wewe ndo bwana mkubwa, sie ndo wakulima?"

"Ikawaje mwisho?" aliuliza Talha, sasa ameegemea mbele.

"Mwisho watu walichoka. Yakaja mapinduzi. Mwezi wa Agosti mwaka 1789, bungeni, kwa kikao kimoja tu, haki ya mnara wa njiwa ikafutwa pamoja na haki nyingine za mabwana." Akaona nyuso zao. "Lakini minara mingine ilibaki," aliongeza haraka. "Mpaka leo watu wanaenda kuipiga picha."

Mkutano uliangua kicheko, watu wakapiga makofi, na mama wa vitumbua akatoa hoja kwamba Wafaransa walikuwa na akili na mtaa uwafuate. Hoja ilikaribia kupita. Talha alisema atalifikiria suala la barua, na alilisema kwa sauti ya mtu ambaye ameshamaliza kufikiri.

Leodegar alitoka ameinamisha kichwa. Mlangoni akashikwa mkono. Alikuwa Mzee Aidarus.

"Twende tukanywe kahawa, jirani. Nina shida yangu."

Shida yake ilikuwa hivi. Mwanawe, Azan, anataka kupandisha ghorofa nyuma ya duka. Ukuta wa madebe unabomolewa mwisho wa wiki ijayo. Azan amemwambia baba yake njiwa wauzwe, au waliwe.

"Mie nimezaliwa nimewakuta," alisema Aidarus, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kila asubuhi nikimaliza kuswali nawatupia mtama kabla sijasalimiana na mtu. Nifanyeje? Nikasema, yule bwana ana nyumba haina watu, mie nina watu hawana nyumba."

Leodegar akaweka kikombe chini. "Vyungu mia moja arobaini na vinne, Mzee Aidarus! Walete wote!"

"Chungu hawakijui. Wanajua debe. Tuchukue jozi zenye makinda yasiyopata kuruka, tuwahamishe na madebe yao yaleyale, tuwafungie na wavu. Mama hawezi kuacha wanawe, na wana wakikua watajua kwao ni hapo. Ila madebe yakae nje, ukutani, upande wa kwangu, wapate jua walilolizoea na waone mtaa wao. Ukiwatia gizani mle watagoma kula."

"Nje?"

"Nje."

"Kwenye ukuta?"

"Juu ya mkanda wako wa panya. Huo mkanda ni kitu kizuri sana, wallahi."

Leodegar alirudi nyumbani bila kumaliza kahawa. Madebe kumi na mawili, yaliyoota kutu, mengine yamebonyea, mengine yakionyesha bado picha ya mnazi wa kampuni iliyokufa zamani, yapigiliwe kwenye mnara wake! Na wavu wa kuku juu yake! Hata yule wa Manzese mwenye vipodozi hakufikia hapo. Kwa siku nne alizunguka mnara asubuhi na jioni, mikono nyuma, huku X ikimtazama.

Siku ya tano Demetria alimfuata na kikombe cha chai.

"Baba Ansbert, nikuulize. Unataka uvunjwe ukiwa mzuri, au ubaki ukiwa na njiwa?"

"Nataka ubaki ukiwa mzuri."

"Hilo halipo," alisema Demetria. "Kunywa chai."

Akanywa. Kisha akamwita Brightson.

Brightson alipiga misumari siku nzima, na kila pigo Leodegar alilisikia kwenye meno. Aidarus alisimama chini akielekeza debe lipi likae jirani na lipi, maana wapo wasiopatana. Jozi zikaingia na makinda yao, wavu ukafungwa. Kila asubuhi Mzee Aidarus alikuja na kopo la mtama, akapanda ngazi ya kawaida ya mbao, akaongea nao kwa sauti ya chini. Kutoka nyumba ya tatu zilisikika nyundo za mafundi wa Azan, na siku moja ukuta wa zamani ukaanguka, vumbi likapanda, na njiwa ndani ya wavu wakaruka ruka kwa fujo. Siku hiyo Aidarus alikaa tu pale juu kwenye ngazi, mkono kwenye debe.

Siku ya thelathini afisa akafika na faili yake. Mtaa mzima ukaja kutazama. Hata Gibson alikuwepo, na mteja mmoja kwa tahadhari.

"Naona ndege," alisema afisa. "Lakini wamefungwa. Aliyefungwa haishi, amewekwa. Fungua."

Leodegar akamtazama Aidarus. Aidarus akaitikia kwa kichwa. Brightson akafungua wavu.

Njiwa wote wakubwa walilipuka angani kwa pamoja. Wakaelekea moja kwa moja nyumba ya tatu. Pale walipozoea kutua palikuwa na nguzo za zege na fundi mmoja anakula muhogo. Wakazunguka. Wakazunguka tena, juu zaidi, wakaenda upande wa barabara kuu mpaka wakawa nukta. Ndipo kutoka kwenye madebe makinda, ambayo sasa yalikuwa na manyoya kamili na njaa kamili, yakaanza kulia.

Wa kwanza kurudi alikuwa jike mmoja wa kijivu. Alitua kwenye mkanda wa panya, akatembea juu yake kama mwenye mali, akaingia kwenye debe lake lililobonyea. Wakafuata wengine, wawili wawili, wote. Mama wa vitumbua akapiga kigelegele, akasahau kabisa upande wake katika mapinduzi. Aidarus alilia waziwazi na Leodegar akamshika bega.

Afisa akaandika kwenye faili kwamba ndege wanaishi. Alisema X itabaki mpaka waje na rangi nyeupe, na hapo rangi nyeupe hawakuwa nayo. Kabla ya kuondoka aliomba kuingia mara moja ndani, na watu waliokuwa karibu na mlango walisikia ngazi ikizunguka.

Jioni Demetria alimkuta mumewe mezani, ametandika mchoro wa mnara. Alikuwa na penseli iliyochongwa vizuri na rula, naye alikuwa akichora madebe, moja baada ya jingine, kwa vipimo sahihi, kumi na mawili. La tatu alikuwa analitia mbonyeo wake.

"Unafanya nini sasa?"

"Wenye nyumba wamebadilisha," alisema Leodegar. "Lazima ramani ifanane."

Demetria alicheka kidogo, akavuta kiti akakaa. Leodegar alimaliza debe la kumi na mbili, akapuliza vumbi la penseli. Kisha akatoa karatasi nyingine, safi, akailaza kati yao.

"Haya. Jiko unalitaka wapi?"

Demetria akaweka kidole. "Hapa." Leodegar akachora mstari, mrefu, mnyoofu, mzuri. Demetria akainamisha kichwa upande. "Hapana. Hapa."

Leodegar akachukua kifutio.